Bibi wa Mwanga

Bibi wa Mwanga ni mwanamke mzee ambaye mtaa mzima humwita bibi, awe wa ukoo wao au la. Hatawazwi na mtu, wala kuwa na wajukuu peke yake hakutoshi kumpa cheo hicho. Anakipata kwa kukaa mahali pamoja miaka mingi, kwa kuzika na kuozesha pamoja na majirani, na kwa kuwa na mlango ambao kila mtoto mwenye njaa anaujua. Mwanga yenyewe ni sehemu ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, mji ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu wapatao 232,000. Upande mmoja iko stesheni na bandari ya Kigoma, upande wa pili barabara inateremka kwenda Ujiji, mji mkongwe ulio kilomita kama nane kutoka bandarini. Mabibi wanaozungumzwa hapa ni wa kizazi kilichozaliwa miaka ya 1930, ambacho sasa kinaondoka mmoja mmoja. Ni kizazi kilichosikia kwa masikio yake sauti za watu waliozaliwa karne ya 19.

Tarehe ya kuzaliwa ya bibi wa kizazi hicho kwa kawaida haikuandikwa popote. Kadi yake ya mpiga kura huonyesha 1 Januari au 1 Julai ya mwaka ambao karani aliukadiria kwa kumtazama usoni. Hesabu ya kweli ilikaa kwenye matukio. Mama yake alimwambia kwamba alizaliwa wakati wa nzige, na nzige wekundu waliisumbua Tanganyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwamba dada yake alikuwa tayari anaweza kubeba mtungi. Kwamba meli ya Liemba ilikuwa imekwisha kuanza safari. Kwa dalili hizo umri hupatikana karibu sawasawa. Liemba ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini Mei 1927. Makarani wa sensa hutumia njia hiyohiyo wanapomkuta mzee asiyejua mwaka wake: hufungua kalenda ya matukio na kumuuliza alikuwa na kimo gani wakati wa vita au wa uhuru. Mwimbaji Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki 17 Aprili 2013, naye hakuwa na tarehe, na umri wake ulikadiriwa kwa enzi ambazo fedha bado ilikuwa rupia. Wapo wanaoidharau njia hii kwamba ni ya kubahatisha. Lakini inabeba habari ambazo tarehe tupu haiwezi kubeba, maana inamweka mtoto ndani ya mwaka wenye njaa yake, majirani zake na ndugu zake. Mtu anayetaka kuandika maisha ya bibi yake angefanya vema kuanzia hapo, badala ya kuanzia kwenye kadi.

Wazee wa bibi huyo walitoka pande nyingi. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta soko linalopokea pembe za ndovu, chumvi, mafuta ya mawese, samaki na watu. Livingstone na Stanley walikutana hapohapo 1871. Nyuma ya majina hayo, ambayo kila mtoto wa shule anayajua, walikuwepo Wajiji wenye mji wao, Waha walioteremka kutoka milimani, na watu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika: Wamanyema, Wabwari, Wagoma, Wabembe, Waholoholo. Wengine walivuka kwa biashara, wengine wakiwa wapagazi wa misafara, na wengine walivushwa wakiwa mateka. Wajerumani waliamuru kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya 31 Desemba 1905 awe huru. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka 1922, chini ya Waingereza. Mtu aliyezaliwa 1932, kwa hiyo, alizaliwa miaka kumi tu baada ya sheria hiyo, na bibi yake mzaa mama angeweza kuwa mmoja wa waliovushwa.

Hapa simulizi ya familia hukatika. Mabibi wengi wa Ujiji na Mwanga walijua asili ya nyumba zao na hawakuisema. Walitaja jina la kabila, pengine jina la mto wa Kongo, kisha wakageukia kazi iliyokuwa mikononi mwao. Ukimya huo haukuwa usahaulifu. Ulikuwa ulinzi wa wajukuu katika mji ambamo tofauti ya mngwana na mtumwa iliendelea kuuma kwenye posa na kwenye ugomvi muda mrefu baada ya sheria kuifuta. Wachache tu katika nchi za ziwa hili walipata kusimulia yote. Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba kutoka magharibi ya ziwa, alitolewa na baba yake mwenyewe kulipia fidia, akawa mtumwa mara kumi kabla ya kuwa huru, na maneno yake yakabaki kwa sababu mmisionari Dugald Campbell aliyaandika. Hakuwa mtu wa Ujiji. Hata hivyo, anayeyasoma maisha yake anapata kipimo cha yale ambayo mabibi wa Ujiji waliyafunika, na anaelewa kwa nini ilikuwa vigumu kumjibu mtoto aliyeuliza, "Bibi, sisi kwetu wapi?"

Utoto wa bibi wa Mwanga ulipita katika mji wa reli. Reli ya Kati, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, ilifika Kigoma Februari 1914, na tangu hapo shughuli za serikali na bandari zikahamia huko, Ujiji ukabaki na misikiti yake, miembe yake na koo zake. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Wabelgiji waliuteka mji Julai 1916 na kuukalia hadi 1921. Hata baada ya kuukabidhi kwa Waingereza waliendelea kuwa na sehemu yao ya bandari kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Msichana wa Mwanga alikua akisikia Kiswahili cha aina mbili au tatu kwa siku moja, Kiha sokoni, na Kifaransa cha makarani bandarini. Aliwaona pia wanaume wakiondoka. Buha, nchi ya Waha, ilifanywa ghala la vibarua wa mashamba ya mkonge, na kuanzia 1944 shirika la wenye mashamba lililojulikana kama Silabu liliandikisha maelfu ya manamba na kuwapakia kwenye mabehewa kuelekea Tanga na Morogoro. Wapo waliorudi na baiskeli na blanketi, na wapo waliooa huko wakapotelea huko. Wake walioachwa walijifunza mapema kuendesha nyumba bila kungoja hela ya mume, na ujuzi huo ndio uliowajenga mabibi wa baadaye kuliko kitu kingine chochote.

Kazi ya kwanza iliyowalisha ni mawese. Mwanamume hukwea mchikichi na kukata mkungu. Kuanzia hapo shughuli ni ya wanawake. Mkungu hukatwakatwa, hufunikwa majani siku mbili tatu hadi chikichi zilegee, kisha huchambuliwa kwa mikono, na miiba yake haina huruma kwa vidole. Chikichi huchemshwa kwenye pipa saa kadhaa, hutwangwa kinuni au kukamuliwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mti mrefu, na mafuta yanayoelea huenguliwa na kurudishwa motoni. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyomtofautisha fundi na mwanafunzi. Mafuta yenye maji hulia sufuriani, hupasukapasuka, yakikauka hunyamaza. Bibi aliyezoea hakuhitaji kuyatazama. Aliweza kukaa ameyapa mgongo mafiga, anachambua mboga za kisamvu atakazozipika sombe jioni, na kwa sikio tu akamwambia binti aondoe kuni. Kokwa zilizobaki zilianikwa, zikapasuliwa moja moja juu ya jiwe, zikatoa mise, na mafuta ya mise yakapaka ngozi na nywele za watoto wa mtaa. Mawese yaliyochacha hayakumwagwa. Yalipikwa yakawa sabuni ya gwanji.

Kazi ya pili ni dagaa. Wavuvi wa Kibirizi, Katonga na Ujiji huingia ziwani usiku usio na mbalamwezi, kwa sababu dagaa hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu. Alfajiri mitumbwi ikirudi, wanawake huwa wamekwisha kujipanga na mabeseni. Bei hupatanwa upesi, ndani ya maji ya magoti, na anayesitasita hurudi mikono mitupu. Baada ya hapo ni mbio na jua. Dagaa hutandazwa juu ya mchanga, kokoto au chanja, hugeuzwa, hulindwa dhidi ya kunguru na mvua. Wakipata jua kali hukauka siku hiyohiyo na kung'aa kama fedha. Wakinyeshewa huwa chakula cha kuku. Wenye chanja huuza ghali kwa kuwa dagaa wao hawana mchanga, na ndiyo maana bibi mwenye jina sokoni Mwanga alikuwa yule ambaye mnunuzi hakuhitaji kuwatafuna dagaa wake kwanza. Magunia yalipanda treni kwenda Tabora na Dar es Salaam, na kila gunia lilikwenda na jina la aliyelifunga. Nchi zinazolizunguka ziwa zilipokubaliana kupumzisha uvuvi, na Tanzania ikafunga shughuli hizo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, jambo la ziwa kupumzika halikuwa geni kwa wanawake hawa waliopanga maisha yao kwa giza na mbalamwezi. Kilichokuwa kigeni ni urefu wake.

Uhuru wa 9 Desemba 1961 ulimkuta bibi akiwa mama wa watoto watatu au wanne. Alichukua kadi ya TANU, baadaye akaingia Umoja wa Wanawake. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 na miaka iliyofuata zilipandisha ziwa hadi 1964, likameza viwanja vya ufukweni. Waliosalia wakaona maji yakipanda tena kuanzia 2020 na kufunika mialo na nyumba. Serikali ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, alikwenda kisomo jioni akiwa na mtoto mgongoni, na wengi wa rika lake waliishia hapo walipoweza kuandika jina lao na kuhesabu madeni. Halikuwa jambo dogo. Daftari la madeni, lenye majina ya wachukuzi wa dagaa na alama za vyama vya upatu, ndilo andiko pekee ambalo wengi wao wameliacha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipotoweka madukani na foleni zikawa ndefu mbele ya duka la ushirika, Kigoma haikuathirika sawa na miji mingine. Ilikuwa na mafuta yake, samaki wake na sabuni yake. Vitenge vilivuka kutoka Kongo kwa njia ambazo forodha haikuzipenda, na mwanamke aliyekuwa na ndugu Uvira au Kalemie alikuwa na duka hata kama hakuwa na leseni. Watoto wa kipindi kile wamesomeshwa kwa biashara hiyo. Si haki kuieleza kwa lugha ya mahakama peke yake.

Ziwa lilileta pia wageni, na hapa ndipo ubibi wa Mwanga ulipojaribiwa kwa uzito. Kongo iliwaka baada ya uhuru wake wa 1960 na kuuawa kwa Lumumba Januari 1961. Familia zilivuka kwa mitumbwi. Aprili 1965 Che Guevara alipita Kigoma kimyakimya akielekea kwa waasi wa ng'ambo, na mnamo Novemba akarudi kwa njia hiyohiyo ameshindwa. Mauaji ya Burundi ya 1972 yaliwavusha watu wengi zaidi, na serikali ikawafungulia makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakaja tena baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye Oktoba 1993, kisha Wakongo mwishoni mwa 1996, ndipo ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Mei 2015 Warundi walijazana kwenye kijiji cha Kagunga mpakani, kipindupindu kikaingia, na Liemba ileile ya wakati wa Wajerumani ikatumika kuwahamishia Kigoma, ambako walipokewa kwanza kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika.

Vitabu hueleza habari hizo kwa kambi na mashirika. Kabla ya kambi ulikuwepo uwanja wa nyuma wa nyumba fulani. Mtu aliyevuka usiku alitafuta jina moja alilopewa na mama yake: jina la bibi wa Mwanga, binti wa fulani, aliyevushwa zamani. Bibi alipokea, akauliza ukoo, akatandika mkeka, akaongeza maji kwenye mchuzi. Baadhi ya wageni walikaa wiki, wengine wakakaa mpaka wakaolewa. Hakuna takwimu ya kazi hiyo. Kuna majina tu, na ushahidi wake huonekana msibani, pale anapotokea mzee wa Kirundi au wa Kibembe ambaye vijana hawamjui, akalia kuliko wenye msiba.

Janga la UKIMWI, ambalo wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, lilimrudisha bibi kwenye ulezi alipodhani amemaliza. Wanawe na wakwe zake, watu wa umri wa kufanya kazi, waliondoka kabla dawa za kupunguza makali hazijawafikia wananchi wa kawaida, miaka ya 2000. Wajukuu wakabaki. Mwanamke wa miaka sitini na kitu alirudi mwaloni alfajiri, akarudi kwenye pipa la chikichi, akalipa michango ya shule kwa mara ya pili maishani. Maneno hayawezi kukitendea haki kipindi hicho. Waliolelewa hivyo leo ni walimu, mafundi, wauguzi na waendesha bodaboda, na wanapomtaja humwita mama.

Mamlaka yake mtaani yalitokana na mambo hayo yote. Alisikiliza kesi za ndoa kabla hazijafika kwa kadhi au baraza la kata. Alijua nani amenyonya ziwa la nani, kwa hiyo aliweza kusimamisha posa isiyo halali kwa neno moja. Alikwenda kwa mzazi aliyejifungua, akamkanda, akamfundisha kumshika mtoto. Aliwafunda wari. Kijana aliyepita bila kusema shikamoo aliitwa kwa jina la babu yake, na hilo lilitosha. Pande hizi hazijakosa wanawake waliotawala rasmi: katika miaka ya kuelekea uhuru Mwami Theresa Ntare aliongoza Heru, upande wa Kasulu, mpaka uchifu ulipofutwa mwaka 1963. Utawala wa aina hiyo ulikuwa na ngoma na baraza la wazee. Wa bibi ulikuwa na kigoda, kibao cha mbuzi na baraza ya nyumba, na haukuwahi kufutwa kwa sheria.

Kifo chake hakishangazi mtu, lakini huusimamisha mtaa. Akiwa Mwislamu huzikwa siku hiyohiyo ikiwezekana. Wanawake aliowafunda ndio humwosha na kumvisha sanda, vipande vitano kwa mwanamke, na mara nyingi yeye mwenyewe alikwisha kuinunua miaka iliyopita na kuiweka sandukuni pamoja na ubani. Akiwa Mkristo, ibada husomwa na wasifu wake hutolewa mbele ya jeneza. Kwa wote wawili jiko la msiba ni lilelile. Sufuria kubwa hukusanywa nyumba kwa nyumba, kila moja na alama ya rangi kwenye mpini. Wanaume hupasua kuni. Maharage na wali hupikwa nje. Watani hufanya yao, humwigiza marehemu alivyokuwa akimfokea mnunuzi, na waliokuwa wakilia hujikuta wanacheka. Binti aliyezoea kupika naye hukaa karibu na moto siku zote tatu za matanga bila kuambiwa. Baadaye hufuata hitma, na ya arobaini.

Zamani habari zilisafiri kwa redio. Matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam yalisomwa kwa sauti ya polepole, na kwa mwanamke wa aina hii tangazo lilikuwa refu: mtoto fulani wa Tanga, mwingine wa Mpanda, ndugu wa Bujumbura na Kalemie, wajukuu popote walipo, habari ziwafikie. Waliokaa mbali walipanda treni wakijua watafika amekwisha kuzikwa. Anayetaka kujua ukubwa wa maisha yake angelisikiliza tangazo hilo kwa makini, kwa kuwa lilikuwa ramani. Lilionyesha njia za manamba, za dagaa na za wakimbizi kwa pamoja, nazo zote zilirudi kwenye nyumba moja Mwanga. Siku hizi kundi la WhatsApp hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, na picha yake akiwa amevaa kitenge cha harusi ya mjukuu huzunguka dunia. Haraka hiyo ni neema kwa wafiwa. Orodha ya majina ndiyo imepotea, kwani kila aliye kundini hudhaniwa anajua kila mwingine ni nani.

Wasifu unaosomwa msibani nao ni haba. Huandikwa usiku, na kijana mwenye mwandiko mzuri, wakati waliojua wanalia. Husema marehemu alizaliwa mwaka fulani, aliolewa, alijaliwa watoto kadhaa, aliugua, akafikwa na umauti katika Hospitali ya Maweni. Ugonjwa wa wiki tatu hupewa mistari mingi kuliko miaka hamsini ya kazi. Mawese hayamo. Wageni wa 1972 hawamo. Hakuna aliyekusudia kumpunja; hakuna tu aliyekaa naye na kalamu alipokuwa hai. Kwa upande mwingine, mwaka 1972 sokwe jike aliyeitwa Flo alipokufa Gombe, kaskazini ya Kigoma, gazeti la Sunday Times la London lilimwandikia tanzia. Alistahili: Jane Goodall alikuwa amemfuatilia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaandika wanawe, tabia zao, namna alivyomlea mdogo na kumwachia mkubwa. Alikumbukwa kwa sababu mtu mmoja alikaa kando yake miaka mingi na daftari. Hilo ndilo mabibi wa ng'ambo ya vilima vya Gombe hawakulipata.

Inawezekana kulifanya. Mombasa, Sarah Mirza na Margaret Strobel waliketi na wanawake watatu wazee, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wakawarekodi kwa Kiswahili chao wenyewe. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, na kwa Kiswahili miaka michache baadaye. Wanawake hao walizungumza kuhusu harusi, ngoma, utumwa, talaka na watoto, kila mmoja kwa lafudhi ya nyumba yake. Simu iliyomo mfukoni mwa kila mjukuu wa Mwanga leo inarekodi vizuri kuliko mitambo waliyotumia watafiti wale. Maswali hayahitaji ufundi mkubwa: ulikaa na nani ulipokuwa mdogo, nani alikufundisha kukamua, ulimnunulia nani dagaa mara ya kwanza, mgeni wa kwanza kulala hapa alikuwa nani. Bibi aliyekataa kujibu kuhusu asili huachwa na ukimya wake, kwa heshima, na swali linalofuata huwa la mapishi.

Baada ya arobaini huja mirathi. Sanduku hufunguliwa mbele ya mashahidi: kanga, doti kwa doti, nyingine hazijapindwa, vitenge vya Kongo vyenye rangi ambazo hazichapwi tena, pete, kadi ya TANU, daftari la upatu. Nguo hugawiwa mabinti, wakwe na masomo wake. Nyumba ndiyo yenye mtihani. Kwa sheria ya Kiislamu binti hupata nusu ya fungu la kaka yake, na mjukuu aliyefiwa na mzazi kabla ya bibi hana fungu ikiwa wana wa kiume wa bibi bado wapo. Katika nyumba zilizojaa wajukuu wa miaka ya UKIMWI kanuni hiyo inaumiza, ingawa dawa yake imo ndani ya sheria hiyohiyo: wosia, usiozidi theluthi moja ya mali, kwa wasiorithi. Mabibi walioona mbali waliuandikisha mapema mbele ya shehe na majirani. Wasioandika waliwaachia watoto wao ugomvi ambao umefika mahakamani na kuvunja koo zilizokuwa zikila sahani moja. Wengine huafikiana kwamba nyumba isiuzwe, vyumba vya mbele vipangishwe, na cha nyuma kiwe cha yeyote wa ukoo atakayekwama.

Kiti chake barazani hubaki wazi kwa muda. Mrithi hachaguliwi, na mara chache huwa ndiye mtoto mkubwa. Wakubwa wako Dar es Salaam au Mwanza, wana nyumba na wajukuu wao huko. Huwa ni yule aliyebaki, pengine mkwe, pengine mtoto wa kulea aliyevuka na mama yake mwaka 1972 akiwa amefungwa mgongoni. Mtu huja na kesi ya ndoa akakuta bibi hayupo, akamwambia yeye. Mzazi humletea mtoto mwenye homa. Mvuvi huacha samaki wa deni la zamani, na yeye hulifungua daftari, akalitafuta jina, akalikata mstari.